Mteja Akae, Fundi Asimame

Nyumbani, chumba cha nyuma
Alhamisi, 14 Novemba
Asubuhi: mawingu mazito, manyunyu tangu alfajiri, nguo za jana bado mbichi kambani.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko uliko? Wifi hajambo? Na mapacha je, wamepona kifua? Barua yako ilisema wanakohoa kwa zamu, mmoja akinyamaza mwingine anapokea. Nilicheka, lakini niliwaombea. Sisi afya ipo. Mama bado analalamikia goti, ila sauti ya kulalamika ni ya mtu mzima kabisa, kwa hiyo tunashukuru.

Sasa nikueleze jambo lililoninyima raha wiki hii nzima. Linamhusu baba yako, Baba Mdogo wangu. Usishtuke, haumwi.

Unajua kwamba tangu mwaka juzi naliandikia lile jarida letu la mafundi miwani. Siandiki habari wala matangazo. Naandika makala za mafunzo endelevu: fundi anasoma kwa wakati wake, anajibu maswali kumi yaliyo mwishoni, anapeleka karatasi ya majibu, akifaulu anapewa pointi. Pointi zisipotimia, leseni haihuishwi, na bila leseni duka linafungwa. Nikitoka kazini kliniki ya macho naandika kwenye meza ya jikoni, Mama akinung'unika kwamba nimemnyima mahali pa kukatia vitunguu.

Makala yangu ya safari hii inahusu miwani ya kuonea mbali na karibu kwa lenzi moja. Nimeeleza jinsi ya kutia alama ya mboni kwenye lenzi, maana alama hiyo ndiyo inayoamua sehemu ya kusomea ianzie wapi. Fundi akisimama na mteja amekaa, fundi anatazama kutoka juu na alama nayo inapanda. Basi mteja akishuka ngazi anaona ukungu, na akitaka kuona mbali inambidi ainamishe kichwa. Swali la saba linauliza: fundi akae au asimame? Jibu ni akae, macho yake yalingane na ya mteja.

Kila makala ina swali moja la lazima. Ukilikosa umeanguka, hata ukipata mengine yote. Anayelichagua ni mwandishi. Mimi nilichagua la saba.

Najua umeshaona moshi unakotokea. Baba Mdogo hajawahi kukaa mbele ya mteja. Alipotufundisha kazi mimi na wewe, kabla hujaikimbia, neno lake la kwanza halikuhusu lenzi. Alisema, "Mteja akae, fundi asimame. Anayehudumu hakai." Kwake hiyo ndiyo adabu ya kazi. Mtaa mzima unamwita Mzee Milimita kwa usahihi wake, na usahihi wote huo ameufanya akiwa wima.

Utaniuliza kama nilimfikiria nilipokuwa naandika. Nilimfikiria, Kaka. Lakini nilimfikiria zaidi mama mmoja aliyeletwa kliniki mkono ukiwa kwenye plasta, aliyeikosa ngazi ya mwisho akiwa na miwani mipya kutoka duka jingine kabisa. Sikuweza kuliacha swali lile.

Mwaka huu baba yako alizembea pointi, akisema hana la kujifunza kwa watoto aliowafundisha kushika bisibisi. Ikabaki makala yangu peke yake. Akajibu. Alipata tisa, akaanguka. Ana ruhusa ya kujibu mara moja tu zaidi, na karatasi lazima ifike kesho Ijumaa kabla ofisi ya jarida haijafungwa. Jibu sahihi analijua, limeandikwa wazi kwenye makala. Alikataa kuliandika. Alisema hawezi kutia sahihi kwamba heshima ni kosa.

Jumanne mhariri alinipigia simu, sauti chini kama anayeuza magendo. "Dada, huyu mzee si wa kwenu? Niandikie mstari mmoja tu, kwamba swali lina utata. Naliondoa kwenye lazima, mzee anapita, yameisha." Nilimjibu nitafikiri. Nakuapia, siku hiyo nilisahau hata kumpa mgonjwa fremu yake, nikamfungia kabati na miwani ndani.

Jana akaja Mama Mdogo. Alikaa, akakataa chai, nikajua kuna jambo.

"Mwanangu, duka lile ndilo lililokusomesha. Leo unalifunga kwa kalamu?"

"Silifungi mimi, Mama Mdogo."

"Anafunga nani, mvua? Na likifungwa atashinda wapi? Nyumbani na mimi! Mtu asiyejua kukaa! Atasimama jikoni kwangu ananihesabia chumvi. Nimekosa nini mimi?"

Nilicheka, naye akacheka, kisha akalia. Ningekuwa na karatasi mkononi dakika ile, ule mstari ningeuandika. Sikufichi.

Nilimsindikiza. Kufika kwenye ngazi za nje, akajigeuza ubavu, akashika ukuta, kidevu kimegusa kifua, akawa anapapasa kwa mguu kama anayejaribu maji ya kuoga. Kaka, sote tunamsifu mama yako kwa unyenyekevu, kwamba hainui uso mbele za watu. Hata wewe uliwahi kumsifia wifi ile staha ya mama yako. Nilimtazama, nikaikumbuka makala yangu mwenyewe.

"Mama Mdogo, hiyo miwani alikupima nani?"

"Nani mwingine? Bwana mwenyewe."

"Alikaa?"

"We! Kwangu ndiyo alisimama zaidi."

Leo baada ya kazi nilikwenda naye dukani. Baba yako alikuwa nyuma ya kaunta anafuta vioo visivyo na vumbi. Karatasi ya majibu ilikuwa hapo, imekandamizwa kwa koleo.

"Karibu, profesa," akasema. "Umekuja kunisahihisha au kunizika?"

"Nimemleta Mama Mdogo. Miwani yake haimkai vizuri."

Hakubisha, mteja ni mteja. Akamkalisha, akasimama, akatia nukta nyeusi kwenye lenzi kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Nikaomba ruhusa. Nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya mama yako, macho yangu kwa yake, nikatia nukta ya kijani.

Akaichukua ile miwani, akatoa rula yake. Akapima. Akageukia dirishani kwenye mwanga, akapima tena.

"Milimita nne," akasema, taratibu, kama anayemtajia mtu mwingine. Kisha akamwuliza mkewe, "Kwa hii, mimi umekuwa ukinionaje?"

"Viatu nakuona vizuri sana."



"Mbona hukusema?"

"Nilidhani ni uzee. Na wewe ndiye Milimita, nani angekubishia?"

Nikaona ni bora nimwambie yote. Nikamweleza simu ya mhariri, na kwamba ule mstari sitauandika.

"Ungeuandika," akasema, "ningekupiga na fremu ya chuma."

Akavuta karatasi, akatia alama kwenye swali la saba, akaikunja, akanipa niipeleke. Nilidhani yamekwisha. Mama Mdogo alishaanza kusema alhamdulillahi. Lakini yeye akakaa kwenye kiti cha mteja, mara ya kwanza kumwona hapo, akatazama mlango.

"Na wale wengine?" akauliza. "Wote niliowapima nimesimama?"

Hilo halimo kwenye makala. Akasema kesho hauzi kitu, kesho anaanza kuwaita, mmoja mmoja, warudi wapimwe upya. Mama Mdogo akaruka: watu watamcheka, Mzee Milimita mzima, wengine watakwenda kumshtaki, na hiyo leseni itakuwa na faida gani?

"Wacheke," akasema, "mradi wanaona ngazi."

Basi karatasi ninayo mkobani. Nitaipeleka kwa mkono wangu saa ofisi inapofunguliwa, sitaki kuikabidhi kwa posta. Leseni nina hakika ataipata. Jina lake ndilo silijui litabaki vipi, na aliyeanzisha yote haya ni mimi. Kaka, barua hii ikikufikia, mpigie simu jioni hiyo hiyo. Usimpe pole, atakukatia. Mwulize ni wangapi wamekuja, kisha umsikilize. Na kama unaweza kupata likizo, njoo hata kwa siku chache. Anahitaji mtu wa kuandika alama huku yeye akipima, na mkono wako anauamini kuliko wangu, ingawa hatakwambia.

Nisalimie wifi, na mapacha wote wawili, aliyepona na anayekohoa. Mama anakusalimu, Kitindamimba pia, anauliza lini utamletea viatu. Mungu akufunike wewe na nyumba yako, akuepushe na shari ya njiani na ya maneno ya watu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukichelewa kujibu.

Nazima taa sasa, saa sita kasoro robo.