Namtafsiria Baba Nyimbo Ambazo Hazipo

Shangazi Efrazia, shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu na mara zote nimeichana, hii ya nne nimeapa kuituma kabla sijaisoma tena, naomba usinicheke na usitaje jina langu maana huku kwetu Nkende gazeti moja linasomwa na watu kumi. Nina miaka kumi na sita, niko kidato cha tatu, mimi ni mtu wa kunyamaza, hata darasani nikijua jibu nasubiri mwingine aseme, na sasa nina uongo wa mwaka mzima ambao utafichuka Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu mbele ya ukoo wote.

Mama yangu, Veronika, alifariki miaka mitatu iliyopita. Alikuwa mhudumu kwenye hoteli ya watalii huko Serengeti, anafua na kutandika vitanda, anarudi nyumbani mwisho wa mwezi kwa basi la kutoka Mugumu. Kiingereza alijifunzia hukohuko kazini na alikuwa anakiongea vizuri kuliko walimu wangu wengine. Hoteli ilipobadilisha redio zake akapewa CD moja ya zamani, kwenye kava kuna mzungu mzee wa suti na tai ya kipepeo, ameegemea dirisha, nje mvua. Miaka hiyo mimi nilikuwa bweni, shule ya Kiingereza, kwa hiyo sikuwahi kuisikia, nilijua tu kwamba baba na mama wana mtu wao wanamwita Mzee wa Tai.

Mama alipofariki nilimalizia darasa la saba kulekule, halafu sekondari nikaomba shule ya kutwa ili baba asiishi peke yake. Baba ni fundi wa kuchomelea mageti, Kiswahili na Kikurya anavijua, Kiingereza hajui zaidi ya salamu. Jumapili moja mwaka jana tulitoka kanisani, akakaa kwenye kiti chake, akaiweka ile CD, na mimi ndiyo nikaisikia kwa mara ya kwanza.

Nilidhani nitacheka, Shangazi. Sisi wa rika langu tumezoea nyimbo zenye ngoma za kukutikisa kifua, huyu hana ngoma kabisa. Vinaingia vinanda polepole kama watu waliochelewa msibani wanaotafuta pa kukaa, halafu yeye anaanza, chini, karibu mno, mpaka niligeuka kuangalia mlangoni. Hapazi sauti. Anaongea tu kama mtu anayekueleza jambo na hataki wa chumba cha pili asikie, neno la mwisho analivuta, analivuta, halafu analiacha lidondoke na halifuati tena. Na maneno yenyewe niliyaelewa yote, hilo ndilo lililoniponza. Wimbo wa kwanza kuna mwanaume anaandaa vikombe viwili vya chai na anayekaa mezani ni yeye peke yake. Wimbo wa tatu analisalimia koti la mkewe lililotundikwa nyuma ya mlango. Wa tano anaiomba mvua isikatike, maana ikikatika watu watategemea atoke nje. Nilikuwa nimeshikilia ufagio, nikaogopa hata kuuweka chini usitoe mlio. Kikombe cha mama cha bluu bado kiko kwetu, baba anakiosha kila siku na hakuna anayekinywea.

Basi baba akaniangalia akasema, "Wewe si umesoma bwana. Huyu mzee anasemaje?"

Nikaangalia kile kikombe, nikaangalia uso wake, nikasikia mdomo wangu unasema, "Anamwimbia Mungu, baba."

Akakaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Enhee. Anamwambia nini?"

Ndiyo nikaanza. Vikombe viwili nikavifanya kikombe cha baraka kinachofurika, koti nikalifanya vazi la haki, mvua nikaifanya Roho Mtakatifu. Kuna siku kanisani kwetu alikuja mgeni kutoka ng'ambo na mkalimani wetu alikuwa anaumwa, wakanisimamisha mimi, mgeni anasema sentensi moja nami nasema moja, na tangu hapo baba akitania ananiita Mkalimani. Kwa hiyo kila Jumapili, "Mkalimani, njoo ukae hapa," na mimi nakaa kwenye kigoda, mzee anaimba mstari, mimi namtungia mstari. Wimbo wa saba tu ndio hatuusikilizi. Ukikaribia, baba anainuka, na kwa kawaida hapo kitini hainuki kwa lolote, anauruka kwenda unaofuata, anasema una mikwaruzo. Siku moja yuko karakana niliuweka mwenyewe mchana. Hauna mkwaruzo hata mmoja. Ni mwanaume anamuuliza mke wake, unapoimba ukiwa jikoni na mimi niko sebuleni, unamwimbia nani? Anauliza hivyo mpaka wimbo unaisha na hajibiwi.

Shangazi, nilizima redio nikakaa chini sakafuni. Mama alikuwa anaelewa Kiingereza. Alikuwa anaelewa yote. Mtu anayeelewa maneno yale anayapendea nini? Alikuwa hana furaha na sisi? Na jikoni mama alikuwa anaimba sana, kila mtu anajua.

Na wimbo wa mwisho ndio unaoninyima usingizi. Mzee anasema amechoka, vuteni mapazia, msiniamshe. Mimi nilimwambia baba kwamba anasema, Bwana funga mapazia ya dunia hii, uniamshe asubuhi ya ufufuo. Niliogopa kumpa yale maneno yenyewe kwa sababu baba siku hizi anakula vijiko vitatu anasema ameshiba, na akikaa pale kitini unaweza kumwita mara mbili hajasikia. Niliona nikimwambia, maneno yatamchukua.

Sasa mzee wa kanisa, Mzee Filemoni, alitutembelea Jumapili moja akatukuta, akasikiliza tafsiri yangu mpaka machozi yakamtoka, akapiga goti lake akamwambia baba, "Machage, huyu mzungu ameokoka kabisa! Kuokoka kwa kweli, siyo huku kwetu kwa kubahatisha!" Na Jumamosi hiyo tuna ibada ya kumbukumbu ya mama kijijini kwetu Busawe, alikozikwa, tunakwenda kusimika msalaba wa chuma ambao baba anautengeneza mwenyewe, na Mzee Filemoni ndiye anapanga ratiba. Ameandika kwamba wimbo wa ufufuo utapigwa kaburini na binti wa marehemu atasimama na kipaza sauti kutafsiri mstari kwa mstari.

Baba alisema, "Kama Mkalimani atakubali." Akaniangalia. Mimi nikanyamaza, na kwetu ukinyamaza umekubali.

Halafu mama mdogo Frida, mdogo wake mama, ameolewa ng'ambo ya Sirari, Kenya, Kiingereza anakinywa kama maji, akapiga simu. "Aki, ni ile CD ya Vero? Wewe, mimi nakaa mbele kabisa, sitaki kukosa hata neno!"

Nimefikiria kujifanya ninaumwa. Nimefikiria kuikwaruza CD kwa msumari, nimeshika msumari, nimeshindwa, ni ya mama. Nikitafsiri uongo mama mdogo atajua. Nikitafsiri kweli nitakuwa nimesimama juu ya kaburi la mama nawaambia watu wote kwamba alipenda mtu anayeomba asiamshwe, na baba atajua nimemdanganya Jumapili zote, na atajiuliza kuhusu mama kile ninachojiuliza mimi. Nisaidie.

Mimi Mkalimani, Nkende.

SHANGAZI EFRAZIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kutoichana ya nne. Sasa kaa vizuri nikugombeze kwanza, tukimaliza hilo tuongee.

Umemdanganya baba yako, na kumdanganya kwa jina la Mungu, na mzee wa watu Filemoni umemliza bure. Hilo ni kosa na unalijua, usilivalishe nguo nyingine. Lakini hukudanganya ili upate kitu. Ulimwona baba yako anazama, ukamtupia kamba uliyokuwa nayo mkononi. Mtoto wa miaka kumi na tano, na ufagio mkononi. Nimekugombeza, nimemaliza.

Kuhusu mama yako. Mimi jikoni kwangu naimba nyimbo za kuachwa tangu asubuhi, kuachwa kubaya, kwa machozi, na mume wangu amekaa hapo nje anasubiri chai na hatujawahi kuachana hata wiki. Siyo kwamba watu wanapenda wimbo wa huzuni kwa sababu maisha yao yana huzuni. Mtu aliyetandika vitanda vya wageni mwezi mzima anaweza kukaa siku moja karibu na mumewe akasikiliza mtu anayelia kwa ustadi, akajisikia vizuri. Wimbo siyo barua ya mama yako. Usimfungulie kesi marehemu kwa ushahidi wa mzee wa tai.

Sasa soma hapa taratibu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nadhani kuna kitu umekiandika wewe mwenyewe bila kukiona. Unasema baba yako hajui Kiingereza. Unasema wimbo wa saba anauruka kwa sababu ya mikwaruzo, na mikwaruzo hakuna. Basi niambie, mtu asiyejua neno hata moja, kati ya nyimbo zote amejuaje kuuogopa huo mmoja, huo wa mume anayemuuliza mkewe unamwimbia nani? Nani alimwambia kilichomo?

Wewe hukumwambia. Aliyekuwa anaelewa nyumbani humo kabla yako ni mmoja tu.

Mimi simjui baba yako, naweza kukosea. Lakini ninavyoona, mama yako alimtafsiria zile nyimbo zamani, wote wawili wamekaa hapohapo, na pengine huo wa saba waliwahi kuutania au kuukasirikia, hilo ni lao. Basi siku ulipomwambia "Anamwimbia Mungu," akakaa kimya muda mrefu, hakuwa anashangaa utakatifu wa mzungu. Alikuwa anamwangalia binti yake. Halafu akasema enhee, endelea. Na kila Jumapili anakwambia njoo ukae hapa. Na Filemoni alipoleta ratiba yake, hakusema ndiyo. Alisema kama Mkalimani atakubali, akakuachia mlango wazi, na wewe ukanyamaza!

Kwa hiyo utafanya hivi. Usijifanye mgonjwa, na huo msumari urudishe kwenye boksi la baba yako. Usisubiri Jumapili wala Busawe. Kesho ukitoka shule pitia karakana, mchana, akiwa na huo msalaba. Mwambie mwenyewe kwa mdomo wako: baba, zile tafsiri nilizitunga, niliogopa. Maneno hayo yanatosha, usiongeze hotuba. Mwambie pia kinachokuogopesha, vile vijiko vitatu na kile kiti. Akikwambia kwamba amechoka kuishi, au ukahisi hivyo hata kama hajasema, hilo siyo la kubeba wewe. Siku hiyohiyo mpigie mama mdogo Frida, mwite Filemoni, wampeleke hospitali akaonwe. Umri wako siyo wa kumlinda mtu mzima peke yako, tena kwa kigoda na mistari ya kutunga.

Filemoni mwachie baba yako aongee naye, ni wazee wenzake. Wimbo ukipigwa Busawe, upigwe bila mkalimani. Mama yako hakuhitaji kutafsiriwa, na Frida atalia kwa Kiingereza chake, mwacheni alie.

Lakini hapo karakana usiondoke haraka. Ukishaungama, muulize baba yako swali moja: wimbo wa saba unasemaje? Halafu vuta ndoo ukae. Mara hii wewe ndiye wa kusikiliza, yeye ndiye atakayetafsiri.