Zamu ya Maji ya Bibi Koleta

Jumatano, 13 Desemba 1972

Majina ya sekondari yametoka! Mwalimu Mkuu Melkizedeki karudi kutoka Same jioni hii, vumbi mpaka kwenye kope. Akakaa kwanza. Akaomba maji, akanywa taratibu, mimi nimesimama mlangoni roho juu. Ndipo akasema. Wawili. Fanueli anakwenda Moshi. Na Asnath — shule ya wasichana, Tabora.

Asnath wangu! Tangu nianze kufundisha darasa la saba huku milimani hatujapata msichana hata mmoja. Nimeruka. Mwalimu Mkuu akanitazama, akasema Mwalimu Sharifa, wewe ni mtumishi wa serikali. Nikaruka tena.

Nikaenda kwa Bibi Koleta kabla giza halijaingia. Ndiye aliyemlea Asnath tangu mama yake alipofariki. Wako wao wawili tu pale nyumbani. Macho ya Bibi yamekwisha. Hospitali ya Gonja walimwambia la kulia halina dawa, la kushoto linaona mwanga na vivuli. Nikamwamkia, nikampa habari. Akauliza Tabora iko upande huu au ule, mkono ukielekea Same, kisha Tanga. Nikamwambia ni mbali, ni safari ya treni, unalala njiani. Akasema haya, Asnath, mpikie mwalimu chai.

Asnath alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. Furaha imemzidi, nadhani.

Jumamosi, 16 Desemba

Mazoezi yameanza. Mimi nilipotoka kambi ya mkonge kwenda sekondari hakuna aliyenifundisha kitu. Baba alinishika mkono tu, akarudi kukata mkonge. Sikujua shuka mbili ni za nini. Nililalia zote mbili, blanketi likanichoma, na wenzangu wakacheka muhula mzima. Hawa wangu hawatachekwa.

Kwa hiyo kitanda changu sasa ni darasa. Asnath anatandika, natandua, anatandika tena. Fanueli anashuka mpaka mtoni na viatu vya kaka yake na kupanda navyo, ananyanyua miguu kama jogoo kwenye matope. Wakiwa kwangu ni Kiingereza tu, hata kuomba chumvi ya makande. Fanueli anabwabwaja, makosa matupu, hana habari. Atafika mbali yule. Asnath anajibu sahihi, neno moja, basi. Macho nje.

Jumanne, 19 Desemba

Asnath kanirudishia viatu nilivyomtafutia. Kaviweka mlangoni, kavifuta udongo vizuri. Anasema, “Mwalimu, mpe mwingine nafasi. Mimi siendi.”

Nilidhani ni Bibi anamzuia. Sivyo kabisa! Bibi keshamtafutia kila kitu: sanduku la bati kutoka kwa akina mama wa kanisani, blanketi, ndoo, hata sega. Ni yeye mwenyewe. Nikambana mpaka akasema. Ni maji.

Mimi mtu wa bondeni, ilinichukua mwaka kuielewa ile ndiva. Bwawa la mawe na udongo, juu kule nyuma ya migomba. Usiku linajaa maji ya kijito. Alfajiri mwenye zamu anang'oa gogo lililoziba tundu, maji yanashuka kwa mfereji mpaka shambani kwake. Usipozibua alfajiri yako, zamu inapita kwa jirani. Na sasa mvua za vuli zimekwisha, mahindi ya Bibi yanategemea maji hayo tu. Tangu Bibi aache kuona, anayezibua ni Asnath.

“Nani atamzibulia?” ananiuliza. Nafasi yenyewe haingoji. Asiporipoti shule inapewa mtu mwingine, na huyu atabaki hapa na akili yote ile.

Jumapili, 24 Desemba

Nimelipata jibu! Leo baada ya ibada kulikuwa na mkutano wa kijiji, nikaomba nafasi ya kusema. Nimesema hasa. Ujamaa si maneno ya redioni. Tuna bibi yetu haoni, tuna binti yetu kaitwa na taifa. Kila nyumba ikimzibulia Bibi Koleta zamu moja, nani atachoka? Makofi. Mzee Rubeni, anayesimamia zamu za ndiva, ndiye peke yake hakupiga, lakini yule mzee hata kwenye picha humwoni akicheka. Nyumba zote zimekubali.

Natembea kifua mbele. Nimemwambia Asnath avae viatu.

Jumatano, 27 Desemba

Nimeumbuka.

Nilikwenda kumpa Bibi mkono wa Krismasi. Hakunikaribisha. Alikuwa amekaa kizingitini, akaitikia shikamoo yangu bila kugeuza uso, akasema, “Umenizika, Mwalimu. Umenizika mchana kweupe, na watu wamepiga makofi.”

Nikatoka pale. Nikaenda kwa Mzee Rubeni, na yeye akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Huku kwao mwenye zamu anazibua kwa mkono wake au wa mtu wa nyumba yake. Ukiona watu wa nje wanamzibulia mtu, ujue ama kafa, ama kaachia shamba. Watu hawakukataa kwa sababu mwalimu kasema, tena kataja na taifa. Sasa tayari kuna mtoto wa shemeji yake Bibi kaanza kuulizia mpaka wa shamba.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia palepale mkutanoni. Kasema, “Hukuuliza, ulikuwa unahutubia.”

Nimelia. Nina hasira na mimi mwenyewe, na nina hasira na watu wanaopiga makofi kwa kitu wasichokitaka. Nimewafundisha watoto hata kutandika kitanda cha watu, halafu nyumba yao wenyewe siijui.

Jumatatu, 1 Januari 1973

Mwaka mpya. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kufuta maneno yangu. Wote wamenielewa haraka sana, kwa furaha kubwa. Aibu tupu.

Asnath hajavaa viatu.

Alhamisi, 4 Januari

Leo nimeona jambo.

Nilipanda mapema kuchota maji. Ukungu bado mzito. Nikasikia mtu anaguna kwenye mfereji, nikadhani ng'ombe kakwama. Ni Bibi Koleta! Peke yake, kanga imefungwa kiunoni, matope mpaka mapajani. Mguu mmoja ndani ya mfereji, mmoja ukingoni, anapapasa njia kwa nyayo. Akafika kwenye kona ya mawe akateleza, akakaa chini pwaa.

Nilikimbia kumshika. Akaujua mkono wangu. “Ni mwalimu huyu. Mkono laini.” Nikamuuliza anafanya nini, Bibi yangu, atavunjika. Akasema Asnath anajifunza kukaa Tabora bila yeye. Na yeye anajifunza kukaa hapa bila Asnath. Wiki nzima hii, kila Asnath akienda kukata majani ya ng'ombe, yeye yuko mferejini.

Kisha akanishangaza zaidi. “Wenzangu umewapa mazoezi na mtihani. Nipe na mimi.”

Nikasema haya. Ningesema nini?

Jumamosi, 6 Januari

Mtihani wa kwanza. Masharti yake: nifuate nyuma, nisiseme, nisimguse. Zamu ya leo ilikuwa ya Mzee Rubeni, akasema yeye atachelewa kuamka. Mzee Rubeni! Hajachelewa kuamka tangu wakati wa Wajerumani.

Kona ya mawe aliipita. Ndiva aliifikia. Gogo likamshinda kung'oa, akavuta mpaka akakaa. Akauliza, “Nimepata ngapi?”

Nikamwambia umefeli, Bibi.

Akacheka mpaka akakohoa. Kacheka na mimi! Nimesamehewa. “Lini narudia?”

Jumatano, 10 Januari

Karudia. Safari hii kaja na kamba ya mkonge. Kafunga ncha moja kwenye gogo, nyingine kaipitisha kwenye shina la mti pale ukingoni, kavuta kwa mgongo, anarudi kinyumenyume. Gogo likatoka. Maji yakanguruma! Yeye kasimama anasikiliza, mdomo wazi, kama msichana.

Kamba ya mkonge. Nani ajuaye, labda mkonge alioukata baba yangu.

Kafaulu. Nimemwambia nitaandika jina lake ubaoni.

Alhamisi, 11 Januari

Asnath kagundua. Kaona matope kwenye kanga na michubuko magotini. Kaja kwangu, hajanisalimu hata. Yule mtoto wa neno moja leo kasema maneno ya mwaka mzima. Kwamba mimi nataka sifa ya kupeleka msichana sekondari. Kwamba Bibi akivunjika kiuno, yeye atapewa habari Tabora kwa barua, keshazikwa, na mimi nitakuwa natandika kitanda. Nikamwachia amalize. Sehemu ya sifa ni kweli, kidogo.

Kisha tukaenda wote kwa Bibi. Walisemezana kwa Kipare, haraka, mimi nikaachwa njiani. Mwishoni Asnath akanigeukia. Jumamosi ni zamu yao, na Jumamosi ndiyo siku ya lori. Bibi atazibua peke yake. Mtu yeyote asikanyage juu — si mimi, si Mzee Rubeni. Yeye Asnath atangojea barabarani. Maji yakifika anaondoka. Yasipofika, anafungua sanduku.

Bibi akasema sawa. Nikamtazama nikaona mikono yake imeshikana sana mapajani. Anaogopa. Na mimi naogopa.

Ijumaa, 12 Januari

Nimefunga mizigo yangu. Nashuka nao mpaka Same niwaone wanapanda treni, kisha kambini kwa wazazi, Idd kubwa imewadia. Nimemfundisha Asnath la mwisho: shuka moja chini, moja juu yako, ndipo blanketi. Kasema, “Najua, Mwalimu. Umeniambia kila siku.” Katabasamu kidogo.

Jumamosi, 13 Januari

Naandika nikiwa nimekaa juu ya sanduku la bati, kando ya barabara, pale mfereji wa Bibi unapopita kwenye kalavati kuingia shambani. Kukaa bure siwezi. Lori la ushirika limepakia kahawa, limesimama. Fanueli yuko juu ya magunia tayari, viatu miguuni, anaaga watu kwa Kiingereza, hata mbuzi.

Bibi aliagana na Asnath nyumbani. Alimpaka mafuta usoni, akamshika masikio yote mawili, akasema nenda kangoje. Kisha akapanda. Mguu mmoja ndani, mmoja nje. Migomba ikamfunika.

Jua limeshatoka. Mfereji mkavu.

Mzee Rubeni kaja kukaa karibu yangu, hadharani, ili kila mtu aone hayuko juu. Anakata kucha kwa kisu. Kucha zote zimekwisha, bado anakata.

Asnath kasimama ndani ya mfereji, pekupeku, viatu mkononi. Anatazama juu. Hapepesi.

Dereva kapiga honi. Anasema treni haina bibi wa kungojea.

Mfereji mkavu.

Honi tena. Mzee Rubeni kasimama, nimemshika koti, kakaa. Asnath kasema, “Mwalimu, napanda kwa Bibi.” Nikamwambia ngoja kidogo, mwanangu. Sauti yangu mwenyewe siijui. Kapiga hatua mbili za kupanda. Kasimama.

Nadhani ni ile kona. Labda kamba imekatika. Ee Mola, nilimpa alama za bure, nilimpa kwa sababu nampenda.

Jani kavu limetikisika mferejini. Upepo.

Si upepo. Limegeuka, linatembea! Nyuma yake povu, vijiti, maji ya kahawia, kidogo, halafu mengi. Yamemfika vidoleni. Yamemfika kwenye vifundo. Dereva kaondoa mkono kwenye honi. Mzee Rubeni anapenga kamasi. Huko juu hatusikii kitu. Hatujui Bibi kasimama au kakaa kwenye tope, hatujui atashukaje. Asnath ameinama, amechota kwa viganja, ananawa uso. Ananawa muda mrefu. Sasa katazama juu kwenye migomba. Katazama lori.

Anakuja huku, miguu inachuruzika, hajavaa viatu. Kasimama mbele yangu. Anasema samahani, Mwalimu, umekalia sanduku langu, lori linaondoka.