Barasa Anaongea Kama Wewe

Baba,

Tangu tukuzike, jenereta ya mnara wa simu wa Busibwabo amekabidhiwa Barasa, yule kijana uliyekuwa ukimfundisha kazi. Watu wanamwita Fundi, kama walivyokuita wewe. Wacha niseme wazi: nina wivu naye.

Wiki iliyopita mvua iliangusha nguzo za stima, giza kutoka mjini mpaka Malaba. Unakumbuka mnara ukizimika simu zetu zinavyorukia mtandao wa Uganda, hapo ng’ambo ya mpaka, nawe unanuna kama umetukanwa, ukisema: “Leo tumehamishwa nchi!”? Safari hii hatukuhamishwa. Barasa aliwasha jenereta.

Jioni hiyo Achieno wangu alishikwa na homa, akatetemeka macho yakageuka. Nikapiga simu hospitali, Alupe. Wakapokea hapo hapo, ambulensi ikaja. Mjukuu wako amepona, Baba, sasa hivi anamwaga uji kwenye mkeka. Ningefurahi tu, basi. Lakini moyo uliniuliza: mbona si mimi niliyewasha?

Kesho yake, stima bado haijarudi, nikaenda kumshukuru. Alikuwa amebadilisha oili, betri zimeshikilia mnara kwa muda, ndiyo kwanza anaiwasha jenereta tena. Mwenzake akataka kuiunganisha na mnara mara moja. Barasa akaweka kiganja juu ya bomba la dizeli: “Ngoja kwanza ipumue, boss.”

Baba! Maneno yako, na ile sauti yako ya kubembeleza. Mimi mtoto wako sina hata chembe ya sauti hiyo. Nililia, yeye akadhani ni shukrani.

Jumamosi zote zile ulimbeba yeye kwenye pikipiki na mtungi wa dizeli. Mimi uliniambia, “Mama, baki, huko ni grisi tupu.” Nani alikwambia naogopa grisi? Hukuniuliza. Sasa nikuulize wapi?

Nikapangusa uso, nikamwambia Barasa anifundishe. Akacheka. Halafu akaniona sicheki, akasema, “Sawa, dada. Kuja Saturday.”

Nitaenda. Pumzika, Baba, mnara una watu. Nakuahidi nitamnyang’anya Barasa kila kitu ulichompa, kimoja kimoja, mpaka tulingane. Nikimaliza, nitajaribu kumpenda.

Binti yako,
Nekesa