Ubeti wa Tatu wa Mama Crescencia

Jumanne, 8 Machi 2011
Mama Crescencia tumemzika juzi. Leo Eulogia, mpwa wake, amekuja: wimbo wa kumuaga usiku wa mwisho wa matanga niutunge mimi.
Nikakataa.
“Mwalimu, yeye ndiye aliyekufundisha kuongoza. Autunge nani? Mbuzi wangu?”
Nimekubali. Ngoma hakuna, mtu mzima huagwa kwa sauti tupu. Kiongozi hutoa mstari, nyumba nzima huurudia. Asiyeitikia anamzuia marehemu asiende.

Jumatano, 9 Machi
Beti mbili zimesimama, mizani sawasawa. Mmoja juu ya sauti yake. Mmoja juu ya mto alioutetea dhidi ya mashine za Nolberto za kuchimba dhahabu.
Wa tatu unakataa. Redio ya mjini Buenaventura imesema mtumbwi ulimpindukia, akafa maji. Nimeandika hivyo, nikafuta. Siku ile mto ulikuwa shwari!

Alhamisi, 10 Machi
Nimekwenda gatini kwake. Mtumbwi upo, umefungwa kwenye nguzo. Eulogia anasema aliukuta vivyo hivyo asubuhi ile, kasia ndani — kavu.
“Mbona hukusema?”
“Nina watoto, Mwalimu. Nawe usiseme.”

Ijumaa, 11 Machi
Ubeti umekuja wenyewe, nikimenya ndizi:

Mtumbwi upo gatini, kamba haikufunguka,
Na kasia bado kavu, nani aliyekuvusha?

Nimemsomea Eulogia. Ameziba masikio. “Ukiutoa huo, sote tutaurudia. Watatumaliza!”
Kweli. Nikiuimba mimi, utakuwa umetoka vinywani mwao wote. Nikiuacha, ninamzika Mama kwa uongo.

Jumapili, 13 Machi
Nolberto amekuja mwenyewe. Mishumaa, kahawa, chupa ya gongo ya miwa kwa ajili ya matanga. Nilimfundisha darasa la nne.
“Shikamoo, Mwalimu Hermelinda. Bado unasahihisha watu?”
“Wanaokosea.”
Akacheka. Anasikia wimbo una beti tatu. Mbili zinatosha, Mama hakupenda maneno mengi.
“Alipenda maneno ya kweli.”
Aliitazama picha ya wajukuu zangu ukutani, akawataja kwa majina, mmoja mmoja. Hakukosea hata mmoja.
Nani amemwambia habari za ubeti?

Jumatatu, 14 Machi
Usiku wa mwisho. Naandika jikoni kwa marehemu. Madhabahu imepambwa: shuka jeupe, kipepeo wa kitambaa cheusi, alama ya msiba. Nolberto amekaa mbele, kofia gotini. Watu wake wako mlangoni.
Eulogia ameingia. Nilidhani atanisihi tena.
“Wanawake wamenituma. Wanasema koo likikukauka, usijali. Ubeti wa tatu wanaujua.”
“Nani amewafundisha?”
Akatazama chini. Basi ni yeye — na ndiyo maana Nolberto naye anajua.
“Na watoto wako?”
“Nimewavusha ng’ambo, kwa shangazi yao. Na wajukuu zako pia. Nisamehe, sikukuomba ruhusa.”
Huko sebuleni Nolberto anamwambia mtu, kwa sauti ya kusikika, kwamba leo ataitikia kuliko wote.
Ataitikia! Au atanyamaza, na nyumba nzima itamwona.
Mshumaa wa kwanza wa madhabahu umezimwa, ndio wakati wa wimbo. Wananiita —