Simu Isiyodai Kidole

Kaka yangu,

Sisi hatujambo. Paa limezibwa, na kuku wameanza kutaga. Umeuliza unitumie simu gani, na natumia mtandao upi, ili tuwe tunaonana uso. Usinitumie, kaka. Msibani nilikuficha jambo.

Shemeji yako alikuwa stendi na ile simu nzuri uliyompa, nguo zimejaa saruji. Mtu alikuwa ameibiwa simu hapo, vijana wakamzunguka.

"Mzee, hiyo ya nani?"

"Yangu. Kanipa shemeji."

"Basi ifungue tuone!"

Akaweka kidole, ikakataa. Saruji ilishamla alama za vidole miaka mingi. Namba ya siri haikumkaa kichwani, hivyo nyumbani nilikuwa namfungulia kwa kidole changu, naye akinitania kwamba ameoa ufunguo. Kazini alikuwa anapokea simu tu.

"Mwizi huyu!"

Jiwe la kwanza lilimvunja taya, asiweze tena kujieleza. Wakampiga kwa nondo hadi fuvu likapasuka. Nilimtambua kwa viatu.

Usijilaumu, kaka. Ulitoa kwa moyo, na aliipenda mno.

Jana nilinunua simu ya vitufe. Muuzaji akacheka, "Mama, na wewe! Zama hizi?" Akaniuliza nataka laini ya mtandao gani. Nikamwambia wowote, mradi unashika ndani ya nyumba mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu barabarani sitaitoa kamwe.

Nipigie usiku, nikiwa nimesharudi ndani.

Ni mimi, mdogo wako