Taa Iliyowaka Katikati ya Ziwa Nzilo

Mpendwa baba wa Kapinga,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kitanda chetu. Mtoto ametoka kucheza na nyumba imetulia. Sijui barua hii niitume wapi, maana waliosafiri nawe kwenda Kasai kila mmoja ananijibu la kwake. Basi naiandika wazi, aisome atakayeisoma. Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Unakumbuka ulivyoanza habari za upepo? Kampuni ya madini ilikuwa inakufa polepole, mishahara imekatika, na wewe fundi wa umeme ulikwenda atelye, karakana ya kampuni, kila asubuhi kukaa tu. Jumapili moja tulienda ziwani Nzilo kununua samaki. Ukatazama nyaya kubwa za umeme wa bwawa zikipita juu ya vibanda vya wavuvi kwenda mgodini, na chini yake mama mmoja anapika kwa mwanga wa kibatari.

"Kuran inatoka ku mayi yabo, na bo beko mu giza," ulisema, ukionyesha umeme ule uliowapita juu.

Ukanyamaza njia yote ya kurudi. Nami nakujua, ukinyamaza hivyo vyuma vitahamia nyumbani kwangu. Vikahamia kweli. Mapipa matupu yakajaa uani, na alternata ya gari bovu, ile inayozalisha umeme, ikakaa jikoni karibu na unga wangu. Nchi kavu ulishajaribu gurudumu la kuzungushwa na upepo litoe umeme, lakini vilima na miti vilikula upepo wote. "Upepo iko mule katikati," uliniambia, ukionyesha maji kwa kidevu. Ndipo ukaamua gurudumu lako la upepo lielee juu ya ziwa.

Jaribio la kwanza linanichekesha hadi leo. Ulifunga chelezo cha mapipa kwa kamba ya chuma hadi kwenye jiwe kubwa chini ya maji, ukaikaza kwa nguvu zako zote, kama mnavyokaza mashine mgodini. Nilikuuliza kama kamba haihitaji kupumua kidogo.

"Mama, mu mugodi kitu yenye kulegea njo inaua batu."

Mvua zikanyesha, bwawa likajaa, maji yakapanda, kamba ikakataa kupanda nayo. Tuliporudi tulikuta gurudumu limezama na pipa moja tu linachungulia. Ulijishika kichwa, kisha ukacheka mpaka ukakaa kwenye matope. "Shiye batu ba mugodi, tunajua kukaza tu," ulisema, na suruali hiyo niliifua mimi.

Ukalegeza kamba. Mara ya pili gurudumu likazunguka na taa ikawaka. Shida ni kwamba waya haukutosha kufika ufukweni, kwa hiyo taa ikabaki palepale juu ya chelezo. Jioni ile tukapiga kasia kwenye mtumbwi wa kuazima, tukakaa chini ya mwanga wake, mimi na wewe na tumbo langu lililokuwa limeanza kunitangulia. Wavuvi walisimama ng'ambo wakitazama. Upepo ukipungua taa ilififia, ukirudi iling'aa, na kila ilipofifia ulinishika mkono. Sijawahi kupendwa kama jioni ile, nasema bila haya.

"Nikipata waya ingine, itafika mupaka ku nyumba zabo."

Hukupata nafasi. Maneno ya wanasiasa redioni dhidi ya watu wa asili ya Kasai yakageuka mawe mlangoni petu. Watu tuliokuwa tukiazimana nao chumvi wakasema Wakasai warudi kwao, na wewe ulizaliwa hapahapa Kolwezi, Kasai ukiijua kwa hadithi za mama yako tu. Mlilala stesheni majuma mengi mkingoja mabehewa. Nilikuletea bukari, ugali wetu, na mboga ya lengalenga, nikipita kati ya vijana walionizomea kwamba nalisha wadudu, jina walilowapa Wakasai. Mkunga alisema safari ya behewa la wazi itanitoa mimba. Nilitaka kupanda hivyo hivyo, ukanizuia.

"Baki, uzale muzuri. Akiwa mwanamuke, ni Kapinga, jina ya mama. Miye natangulia. Nikipata nyumba nitatuma muntu."

Treni iliondoka mchana kweupe. Ulisimama kati ya magodoro na hukupunga mkono, kwa sababu ulikuwa umembeba mtoto wa mwenzako.

Habari zako za uhakika zinaishia Tenke, njiani. Mama anayeuza viazi stesheni pale alikuona ukishuka kutafuta maji, unakohoa sana. Baada ya hapo, hakuna.

Kapinga anaongea sasa, na ni mbishi kama wewe. Majirani walinishauri nimpe jina la kwetu, lisilo la Kasai, ili asizomewe, nilikataa. Nyaya za shaba ulizokuwa unakusanya ziko chini ya kitanda hiki. Wanunuzi wa shaba wanaotoka upande wa mgodi wa Mutoshi hubisha hodi, nami huwaambia nyaya hizi zina kazi. Chelezo bado kinaelea. Wavuvi wanaanika nyavu zao juu yake, na wakiniona huniuliza fundi anarudi lini.

Kesho wajomba zangu wanakuja kukaa matanga yako. Mjomba mkubwa aliniambia, "Mwana, hauko bibi ya muntu, hauko mujane. Utakaa vile mupaka wakati gani?" Nilikataa, wakarudi, nikakataa tena. Sasa nimekubali. Sijaamini kwamba umekufa. Nimechoka kukulilia jikoni peke yangu nikisingizia moshi. Nataka kulia mbele za watu, na mji huu uliokufukuza ukae chini, ukulilie pamoja nami.

Sijui nikuage vipi, nikuombee ulale salama au ufike salama. Watanyoa nywele zangu, ndiyo desturi ya mjane kwetu. Basi ukija keshokutwa, au mwaka wowote mwingine, usishtuke ukimkuta mwanamke mwenye kipara mlangoni. Ingia tu. Nywele huota.

Mkeo,
mama Kapinga