Bendera ya Shimo la Sita

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na pole na kazi. Natumaini goti la shemeji limepoa na wapwa zangu wanasoma. Mimi mwili ni mzima; moyo ndio utausikia humu. Barua yako nimeipata. Unasema mwezi ujao unakuja na fundi kulijengea kaburi la Baba kwa marumaru. Ndiyo maana nakuandikia upesi.

Kwanza habari za kazi. Alikuja mama mmoja mwandishi, anatunga kitabu cha viwanja vya gofu vya mashambani vinavyofaa kutembelewa. Meneja akanituma nimzungushe, kwa kuwa msimamizi wa majani ni mimi na viwanja vyote vya huku navijua. Tulianza na cha ziwani, ambako mabata bukini ya mlinzi wa pale hulalia mipira yakidhani ni mayai. Tukaenda cha bondeni, ambako majani hukatwa na kondoo, na mchezaji akiwakuta hungoja wapite. Alicheka mpaka akavua miwani.

Mwisho nikamleta kwetu, kiwanja kilichojengwa kwenye shamba letu la zamani. Usingepatambua. Jikoni kwa Mama sasa ni shimo la pili, na zizi limejazwa mchanga wa kunasia mipira. Shimo la sita liko kilimani kwa Baba. Yule mama alisimama kona ya juu, mabonde yote chini yake, akasema hajaona mandhari kama yale, na akauliza kwa nini shimo na bendera yake haviwekwi pale. Kila asubuhi, ujue, mimi huziba shimo la jana na kukata jipya pembeni, majani yasichakae. Miaka minane nimelizungusha la sita kila upande isipokuwa kona ile. Nikamjibu kwamba udongo wa pale ni laini. Meneja, aliyekuwa ametufuata huko juu, akanicheka, akaamuru Jumatatu bendera iwe pale ipigwe picha.

Njia ya mwongo ni fupi, dada, na yangu imeishia hapa. Siku ya kumhamisha Baba kutoka kilimani kwenda makaburini ulifika jioni, ukakuta sanduku limeshafungwa. Ukalikumbatia ukalia, nami nikakushika bega. Mle mlikuwa na udongo mtupu. Dereva wa tingatinga alikosea siku, akakisawazisha kilima kabla hatujafukua, mawe ya kaburi yakasombwa. Tulichimba mahali pawili tukakosa. Meneja akasema nikinyamaza, kazi ya majani ni yangu. Nilikuwa na njaa, tena na hasira na Baba, aliyewaapia wanunuzi wa shamba kwamba kilimani pake hahami ng'o, akatuachia ukaidi wake tuule. Nikanyamaza. Alipokufa tuliuza sote wawili, lakini hili ni langu peke yangu.

Mwaka uliofuata, nikichimba mfereji wa maji kona ile, nilikuta kipande cha ubao na kifungo cha koti lake la kijivu. Kifungo nikakitia mfukoni, ubao nikaufukia palepale.

Jumatatu nililikata shimo. Kina chake ni shibiri moja tu, lakini nilipiga magoti nikashindwa kuinuka, mpaka wachezaji wakaniambia niwapishe. Mpira wa kwanza ulipoingia walipiga makofi.

Kwa hiyo usimlete fundi. Kule makaburini unakopeleka maua hakuna mtu. Ukitaka kumshtaki meneja, nitasimama nikiri yangu kwanza. Kifungo nimekitia ndani ya bahasha hii, ukishike mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na watoto wabusu wote. Baba hajahama.

Ni mimi mdogo wako,
Kijiti